Magongo ya Profesa Ndekirwa

Mama Ndekirwa alifika na magongo ya marehemu mumewe kwapani, kama alivyoombwa. Yangewekwa kwenye kabati la kioo, ndani ya jengo jipya lililopewa jina la mumewe huyo, mkuu wa kwanza wa chuo. Alipoinua macho, akasimama papo hapo. Mlango ulikuwa juu kabisa, na hapakuwa na njia ya kuufikia ila ngazi za marumaru, ndefu, zinazong'aa utadhani za ikulu.

"Karibu juu, mama!" mkuu wa sasa alimwita kutoka mlangoni, mkasi mkononi, utepe ukimngoja. "Tumemjengea baba yetu jengo la hadhi yake!"

"Baba yenu alipooza miguu tangu utotoni!" alijibu mjane. "Kila jengo alilolisimamia aliliwekea njia ya mteremko badala ya ngazi. Hili lenye jina lake mmemjengea nani?"

Mkuu akawatupia jicho wageni waliojipanga chini ya ngazi.

"Tutarekebisha, mama. Tupandishie tu magongo, wageni wanasubiri."

"Maisha yake yote alikataa kubebwa. Mnataka nimbebe leo, amekufa?"

Akainama, akayalaza magongo kukatiza ngazi ya kwanza, moja likifuata jingine, kisha akashika njia kurudi kwake bila kuaga.

Huko juu mkuu alibaki ameshika mkasi, umeachama. Huku chini wageni walijazana na suti zao, wakitazamana, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuyaruka magongo yale.