Chuma cha Makopo

Mzee Hamduni hakuwa na kocha, hakuwa na ukumbi wa mazoezi, na tangu mkewe Sikudhani avuke ziwa kwenda kulea mjukuu, hakuwa na mtu wa kumtania. Siku ile mkewe alipoondoka, mzee aliogopa maji, akakataa kupanda boti naye.

"Siku ukiogelea hadi lile jiwe la ziwani, niandikie nije nikuchukue," mkewe alimwambia akicheka.

Chuma alikuwa nacho: bomba lenye kopo la saruji kila upande. Sikudhani ndiye aliyelishika saruji ikikauka, na alama ya gumba lake ilibaki kwenye kopo moja. Tangu ajifunze kuogelea, kila asubuhi mzee alinyanyua kwanza, kisha akaogelea kuelekea jiwe, na mikono ikamwishia nguvu njiani.

Leo alianza na maji.

"Babu, chuma umekisusa?" alipaza sauti Mama Tunu, jirani aliyekuwa akifua.

"Kinanisubiri, mwanangu. Nafika jiweni mara moja."

Akaligusa jiwe, akarudi. Akanyanyua chuma, kidole chake juu ya ile alama.

Kisha akaandika, "Njoo," akaibana bahasha kwa gumba lililolowa. Boti ilipoondoka na barua, doa la gumba lilikuwa halijakauka.