Sahihi ya Mjane

Paskalia alikataa kutia sahihi kwa mara ya tatu. Fomu ilikuwa mezani, kalamu juu yake, na mwanawe Barnabas alikuwa amesimama mlangoni kwa suti yake ya barazani, akitazama saa.

Bila sahihi ya mjane kaburi lisingefukuliwa. Na bila mifupa ya mumewe, Sipho Mnguni, mpigania uhuru aliyezikwa Morogoro akiwa uhamishoni, Barnabas alikuwa amekwenda na maji.

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la jimbo, Afrika Kusini. Alipanda kwa jina la baba na kwa ulimi wake mwenyewe, na ulimi huo ulikuwa mkali kwa wageni. Mkongo anayeuza viatu Marshalltown, Mtanzania mwenye saluni Rosettenville, wote aliwadai karatasi. Siku moja alisema barazani kwamba anayeishi kwa karatasi za mwingine ni mwizi wa nchi, wakampigia makofi mpaka spika akachoka kuwanyamazisha. Mama yake aliisikia hotuba ile redioni akikaanga maandazi. Alizima redio, akakaa, maandazi yakaungua.

Sasa kiti kilikuwa cha moto. Nomsa, mwenzake wa chama aliyeitaka nafasi yake kwenye orodha ya wagombea, aliwatupia wanachama swali dogo: huyu mtu aliyeletwa kutoka Tanzania akiwa na miaka sita, nani alimwona na baba yake? Barnabas alitoa cheti cha ubatizo chenye sahihi ya Sipho mwenyewe. Nomsa akasema karatasi ni karatasi tu. Wakaanza kunong'ona hata wale waliokuwa wakila kwake.

Ndipo Barnabas akapata jibu kubwa kuliko swali. Serikali ilikuwa ikirudisha nyumbani mabaki ya waliofia uhamishoni. Baba yake arudishwe naye, kwa bendera na bendi, mbele ya kamera, wiki moja kabla ya orodha kupitishwa.

"Mama, unaficha nini?" aliuliza. "Baba aliwasaliti wenzake?"

Paskalia akasema Sipho hakumsaliti mtu. Alifia barabarani Mikese, lori lilipopinduka, kama alivyomweleza siku zote. Basi kama ni hivyo, tatizo liko wapi? Alisema tu kwamba aliyelala aachwe alale.

Barnabas akavuta kiti akaketi. Kwa sauti ya chini alimwambia kwamba wakimtoa kwenye orodha hana kazi nyingine anayoijua, kwamba mtaani wameshaanza kumwita mgeni, na kwamba wale vijana wa maandamano ya kufukuza wageni wanaijua nyumba yake.

"Eish, Mama. Chama kikinitupa, mimi nitakuwa kama wale."

Paskalia aliwajua ni wale gani, wageni wanaopigwa mitaani. Wawili kati yao aliwaosha damu jikoni kwake mwaka jana. Alimpenda Barnabas kuliko alivyowahi kumpenda mtu, na makosa yake yote yalianzia hapo. Akachukua kalamu, akatia sahihi. Aliomba jambo moja tu, kwamba wachimbe kwa mikono, wasilete mashine.

Jumamosi ya shughuli ukumbi wa Newtown ulifurika. Nomsa alikuwa mstari wa pili, amenuna. Jukwaani palikuwa na majeneza mawili yaliyofunikwa bendera, moja kubwa na jingine lenye urefu wa mkono wa mtu.

Barnabas alimwuliza ofisa. Akaambiwa wachimbaji walikuta mifupa ya mtoto mchanga kifuani pa marehemu, wamezikwa pamoja, na padri wa kule akakataa katakata mmoja asafirishwe bila mwingine.

Alimgeukia mama yake. Kwa hiyo alikuwa na ndugu? Paskalia alikuwa ameshainuka, kitenge kikimteleza mabegani.

"Alikuwa mdogo sana," alisema. "Twende nyumbani, mwanangu. Twende sasa hivi."

Barnabas alimhurumia kweli. Kumbe ni hilo! Miaka yote hii mama wa watu amebeba msiba wa mtoto peke yake, na yeye alimshuku mzee wake kwa usaliti. Alimrudishia kitenge mabegani, akamwahidi kwamba jioni watakaa nyumbani walie wote wawili. Halafu, kwa kuwa mwanasiasa hata msibani ni mwanasiasa, akapanda jukwaani na kuuambia umati kwamba uhamisho haukummeza baba yake tu, ulimmeza na ndugu yake. Watu walilia. Nomsa naye alifuta macho, na wakuu wa chama waliokaa mbele wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa kukubali. Nafasi kwenye orodha ilikuwa yake.

Kilichobaki ni makabidhiano. Padri wa Morogoro, aliyeshuka kwenye ndege asubuhi ile, alisogea mbele na kitabu cha parokia yake cha kuandikia marehemu. Kwao maiti haikabidhiwi kwa ndugu mpaka habari zake zisomwe kama zilivyoandikwa siku ya maziko. Kitabu kilikuwa cha Kiswahili, na Barnabas akashika kipaza sauti cha pili ili atafsiri mwenyewe kwa Kizulu. Alitaka kila mtu alisikie jina lile kutoka kinywani mwake.

"Sipho Mnguni," padri alisoma, "wa Afrika Kusini, miaka thelathini na minne. Ajali ya gari, Mikese."

Barnabas alitafsiri kwa sauti imara, neno kwa neno. Padri akasubiri amalize, kisha akafuata mstari wa pili kwa kidole.

"Amezikwa na mwanawe wa pekee, miezi minane, aliyekufa naye katika ajali hiyo hiyo. Mtoto alibatizwa hapa hapa parokiani, kwa jina la Barnabas."