Kuni za Mgeni

Mlango uligoma kuwaka. Lukumani aliumwagia chupa nzima ya mafuta ya taa, akausukumia majani makavu kwa chini, moto ukazilamba zile nakshi ukafa. Ubao wenyewe unene wa vidole vinne, kiberiti kingeufanya nini? Ikabidi aagize mashoka.

"Mwanangu, huo aliuleta babu yangu Mabruki kutoka pwani," alisema shangazi yake, Bi Mwanajuma, amekaa vumbini. "Wapagazi wanne waliubeba miezi mitatu. Mimi nimeupaka mafuta ya karanga kila Ijumaa tangu nivunje ungo."

"Shangazi, huo ndio utakaotuhamisha hapa."

Ulikuwa mwaka ule wa kuhamia vijijini, watu wanapakiwa kwenye malori na kuku wao. Jirani zao wa Usenda walibwagwa kwenye pori la mbung'o lisilo na maji, na kabla mvua hazijaanza walikuwa wamezika watoto kumi na mmoja. Lukumani, mwenyekiti wa kijiji cha Mkalya, alikuwa na wajukuu wanne. Aliapa kwamba hao hawatazikwa kwenye pori lile, hata afanye nini.

Sasa Jumatatu moja Saidi muuza vitenge alileta habari kutoka Tabora. Kuna mtu wa serikali anapita vijiji vya zamani vya njia ya misafara, vile visivyojulikana hata na watu wa mjini. Anauliza nani ana nyumba ya babu, nani ana mlango wa nakshi, makaburi ya wakubwa yako wapi. Kila kitu anaandika.

"Anaandika kwa ajili gani?" Lukumani aliuliza.

Saidi hakujua. Lukumani, yeye, alijiona anajua. Si kule Usenda mtu wa kwanza kurushwa kwenye lori alikuwa mwenye nyumba ya tembe ya babu yake? Walimwita kabaila mbele ya mkewe. Ukiwa na vya kale, wewe ni kabaila. Na kabaila ndiye wanayeanza naye.

Kwa siku tatu Mkalya ilijibomoa yenyewe. Tembe la Mabruki lilikwenda chini. Mawe ya makaburi yaling'olewa yakafukiwa shambani, na vibanda vya nyasi vikasimamishwa kwa mstari ulionyooka, bendera mbele. Watu walifanya kazi huku wanalia, na aliyepumzika Lukumani alimtukana.

Ulipobaki mlango, Bi Mwanajuma aliukumbatia. Lukumani alimbandua vidole kimoja kimoja kwa mikono yake mwenyewe, yeye aliyelelewa na mama huyo tangu mama yake mzazi afariki. Akamfungia kwenye ghala la mahindi, kwa sababu alikataa kunyamaza.

Mgeni alifika Ijumaa na Landrova, peke yake, bila askari. Jina lake Dionis, mwembamba, mwenye miwani, naye alimwamkia kila mzee shikamoo. Adabu ile ilimtia Lukumani wasiwasi zaidi.

"Si hapa misafara ilipokuwa ikilala?" Dionis aliuliza.

"Hapana, ndugu. Sisi ni kijiji kipya. Wajamaa watupu."

"Hakuna hata kaburi la zamani? Nyumba je?"

"Nyumba ndizo hizi unazoziona."

Sauti ikatoka ghalani, imekwisha kukauka. "Mgeni, waulize wanapikia kuni gani."

"Nani huyo?"

"Mgonjwa, ndugu. Akili zimemruka."

Sikuzani, mke wa Lukumani, aliinamia mafiga akachochea moto bila kumtazama mtu. Sauti iliita mara mbili tena, kisha ikakoma.

Walikaa hapo hapo karibu na jiko wakala wali na kuku. Lukumani alikuwa na furaha: mgeni amefungua ukurasa mmoja tu wa daftari lake, na ukurasa wenyewe ni mtupu. Dionis alikula kidogo, akafunga daftari, akavua miwani.

"Mwaka sitini na tano nilipelekwa China," alisema. "Wakanitembeza vijiji vya kale huko ndani kabisa mashambani, ambavyo Wachina wenyewe wengi hawavijui. Nyumba za miaka mia tano, na watu wamo, wanapika, wanalea watoto. Nikasema, na sisi tunavyo. Nimehangaika na jambo hilo miaka tisa. Mwezi uliopita ndipo wakubwa wamenikubalia: kijiji cha njia ya misafara kikiwa na chochote cha enzi zile, kinabaki kilipo na watu wake, lori halikigusi."

Akafuta miwani kwa pindo la shati.

"Mkalya niliiweka ya kwanza kwenye orodha. Kumbe niliambiwa vibaya. Malori yenu ni Jumatatu, ndugu mwenyekiti, nanyi mnakwenda kule walikopelekwa wa Usenda. Laiti ningepata hata mlango mmoja, ningewaandika."

Kijinga kimoja cha moto kikateleza kutoka chini ya sufuria. Dionis, kwa adabu zake, akakirudisha motoni kwa ncha ya kiatu, upande wenye ua la nakshi ukiwa umeangalia chini.