Tai ya Kuazima

Je, umewahi kumsahihisha mtu mbele za watu, ukawa na haki kabisa, lakini roho ikakusuta?

Mzee Shekiondo alipenda Kiingereza kama wengine wanavyopenda mpira. Akikutana na neno geni, hatulii mpaka aujue ukoo wake. Jumamosi, rafiki yake Hoza alipohutubia kwa Kiingereza kwenye harusi ya bintiye, Shekiondo alipaza sauti kutoka kitini: "Umekosea hapo, bwana!" Ukumbi ukaangua kicheko. Hoza akakaa bila kumaliza.

Leo amekuja kurudisha tai aliyoazimwa na Shekiondo. Ameifua, akaipiga pasi na kuifunga vizuri kwenye gazeti.

"Pita ndani, ndugu yangu, kahawa iko tayari."

"Nimeshakunywa."

"Basi kaa nayo hiyo tai."

"Ya nini? Sina binti mwingine wa kuoza."

Shekiondo akaishika. Bado ilikuwa na joto la pasi. "Hoza, nisamehe. Lile neno..."

"Achana na neno." Hoza alikuwa hajaiachia tai upande wake. "Kiingereza chenyewe nilikisema kwa ajili yako. Nilitaka uniambie hongera, basi."