Mwethya wa Kompyuta

Mutisya alimaliza kijiji cha kwanza kabla ya chai ya saa nne. Alibonyeza tu, mamia ya watu wakawa makumi. Akafuta jasho, akahamia kijiji kilichofuata.

Hakuwa muuaji. Alikuwa karani wa mradi wa maji, peke yake katika ofisi ya Tseikuru, na uhamisho alikuwa ameuomba hadi akachoka. Mkewe Wayua alifanya kazi iyo hiyo kule Emali, akiishi na binti yao Kanini. Mtoto alikuwa na pumu. Mara moja tu aliletwa Tseikuru, na vumbi likamkaba hadi midomo ikabadilika rangi. Wazazi waliapa hatakanyaga tena huko. Basi Mutisya alikwama, akawa baba wa kwenye simu, na jambo hilo lilimtafuna.

Sasa mradi ulikuwa unafunga ofisi moja, Tseikuru au Emali. Eneo lenye watu wachache lingepoteza ofisi, na karani wake angehamia kwa mwenzake. Hesabu ingefanywa na kompyuta za Kitui, upande wa Tseikuru, na za Makueni, upande wa Emali, zikiwa zimeunganishwa pamoja.

"Ni mwethya tu," Yvonne, fundi wa makao makuu, aliwaambia makarani. "Si mnajua vile majirani hulimiana mashamba? Kila kompyuta inapewa kipande cha ramani, ikimaliza inarudisha."

Kipande cha Mutisya kilifika kikiwa namba tupu, bila jina la mahali. Alishangaa. Kumbe Tseikuru, ambako yeye aliona mbuzi wengi kuliko watu, ilikuwa imejaa namna hii! Alikuwa shemasi, na dhamiri ilimsuta. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mutisya aliinama, akapunguza watu mpaka jioni, akarudisha kipande.

Wiki iliyofuata Wayua alipiga simu, sauti yake ikikatika katika kelele za gari.

"Simu yako haishiki tangu Jumatatu. Walishaamua. Wamefunga."

Mutisya karibu alie kwa furaha. "Asante Mungu. Wacha nifunge mizigo."

"Mizigo ya wapi, Baba Kanini? Wamefunga ya Emali. Ati kompyuta inasema huku hakuna watu." Akapaza sauti kushinda kelele. "Sikuwa na wa kumwachia mtoto. Tumeshapita Kitui tukija huko kwako, na ameanza kukohoa."