Mbao za Mzee Ndyamukama

Mzee Ndyamukama aliporejea kutoka kanisani, alizikuta mbao za jeneza lake, alizokuwa amezihifadhi darini, zimetandazwa barazani. Kwenye ncha ya mbali vilisimamishwa vigunzi vya mahindi, na mkewe, akiwa na wajukuu wao, alikuwa akiviringisha chungwa ili aviangushe.

"Mnazikwaruza," alisema kwa ukali. "Mtanizika katika nini?"

"Kwani unasafiri leo, mzee wangu?" mkewe aliuliza. "Mchezo huu niliuona kwenye televisheni. Wajukuu wamenishinda, njoo unisaidie."

Mzee alipitisha kiganja juu ya mvule ule uliopigwa randa ukang'aa. Kisha alivua koti la Jumapili, akalikunja taratibu, akaliweka kitini.

"Chungwa hilo limebonyea," alisema. "Leteni jingine."