Ndahani Yuko Kitabuni

Raheli alifunua ukurasa akakuta nguruwe amevaa koti na kofia, anaendesha gari la farasi. Akacheka, kisha akajiziba mdomo kwa kitambaa cha kufutia vumbi. Hakuja kucheka.

"Na hicho rudisha," alisema Abbasi, mpishi, akiwa mlangoni na mwiko mkononi. "Hicho cha mzaha. Baba yako hawezi kuwa humo."

Makasha matatu ya vitabu yalishushwa kutoka kwenye treni katika stesheni ya Gulwe, yakabebwa vichwani hadi nyumbani kwa Bwana Daktari, Mjerumani aliyetibu watu na kuwapima kimo, pua na kichwa. Raheli alikuwa mfagizi wake. Kila Daktari alipotoka, aliweka ufagio chini, akaanza kufunua.

Miaka sita nyuma baba yake, Ndahani, aliugua kifua. Daktari akamchukua kwenda kumtibu, na hakurudi. Mama alipomfuata Daktari kuuliza, alijibiwa kwa kifupi: "Ndahani amekwenda Ulaya. Siku moja mtamwona kitabuni."

Mama aliyashika maneno hayo. Hakunyoa nywele, hakuweka matanga, na aliyemwita mjane alimfukuza uani.

Lakini mwaka huu baba mdogo, Masima, alichoka kungoja. Alisimama mbele ya wazee wa ukoo akasema, "Mtu gani anakaa Ulaya miaka sita bila hata salamu? Kaka amekufa. Ng'ombe wake ni wangu, na mkewe ni wangu."

Wake wawili wa Masima walikwisha kumkimbia, mmoja akiwa na mkono uliovunjika. Wazee walilijua hilo, wakampa mama muda mpaka uwele uvunwe. Kama isingeonekana dalili yoyote ya Ndahani, Masima angehamia kwenye tembe lao.

Uwele ulikuwa umeshaanza kukauka shambani.

Raheli alisoma misheni mpaka akazijua herufi, ingawa Kijerumani hakukijua. Alitafuta sura tu. Katika kitabu cha kwanza alikuta ndege, wamepakwa rangi hata ukadhani wataruka. Katika cha pili, vita: farasi wamelala matumbo juu. Kulikuwa na kitabu cha ramani ambamo Ugogo wote ulikuwa mweupe, hauna kitu, umepitiwa na mstari mmoja wa reli. Kulikuwa na kinene kisicho na picha hata moja.

"Hicho cha mapenzi," Abbasi alimwambia. "Bwana akikisoma, uji wake unapoa."

Kingine kilikuwa na mwanamke amekaa dirishani na barua mapajani, analia. Raheli aliitazama picha ile mpaka machozi yakamtoka yeye pia, na alipokumbuka kilichomleta, jua lilikuwa limeshapita utosini. Aliona haya. Mama alikuwa anahesabu siku, naye huku anamlilia mwanamke wa kwenye karatasi!

Makasha mawili yakaisha. Nyumbani mama aliuliza kila jioni, "Umemwona?" Raheli akajibu, "Bado, mama." Mama akasema, "Basi yuko katika vilivyobaki," akageukia chungu chake cha mlenda.

Siku Masima alipoleta kitanda chake na kukiweka nje ya tembe, Raheli alifika chini kabisa ya kasha la tatu. Kilikuwa kimebaki kitabu kimoja, cheusi, kizito. Juu ya jalada alilisoma jina la Bwana Daktari mwenyewe.

Picha za humo zilifunikwa, kila moja kwa karatasi yake nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na juu ya karatasi yameandikwa majina. Alipitisha kidole. Jina la kwanza hakulijua, wala la pili. La tatu alilisoma herufi moja moja, kisha akalisoma tena kwa sauti.

*Ndahani. Ugogo.*

Chini ya karatasi kilionekana kwa mbali kivuli cha kichwa cha mtu.

"Kaka Abbasi! Nimempata baba!"

"Funga!" Abbasi alikuwa anachungulia dirishani. "Bwana huyo anakuja! Funga, rudisha!"

Raheli alikifunga, lakini hakukirudisha. Alikitumbukiza kikapuni, akakifunika kwa kitambaa.

"Dada, ni viboko hamsa ishirini hivyo. Utachapwa mpaka usiweze kukaa."

"Nikichapwa nichapwe. Kesho nitakirudisha."

Akatoka kwa mlango wa jikoni. Alikimbia njia nzima, miiba ikimchoma, kikapu kikimpiga ubavuni, na hakusimama kufunua. Mama ndiye aliyengoja miaka sita. Mama ndiye atakayemwona kwanza.

Mama aliposikia, hakupiga vigelegele. Alituma watu wakawaite wazee na Masima. Akanawa, akajipaka mafuta usoni na mikononi, akavaa shanga zake zote, kama mwanamke anayempokea mumewe kutoka safarini.

Wazee walikaa uani. Masima alisimama kando ya kitanda chake, mikono kifuani, amenuna. Raheli akaweka kitabu mapajani mwa mama, akafungua mahali penyewe, akawasomea wote jina la baba yake.

"Mmesikia?" mama aliwauliza wazee. "Shemeji, sogea karibu uangalie vizuri."

Masima akasogea.

Mama akaishika ncha ya karatasi kwa vidole viwili, akaifunua. Lilikuwa fuvu la kichwa, limesafishwa, limewekwa juu ya kitambaa cheusi, na kwenye paji mtu alikuwa ameandika kwa wino: 114.